Mkono wa Gauni Uliosimamisha Filamu

Shangazi Mwanahawa, shikamoo.

Baridi ya Joburg inaingia hadi kwenye mfupa, lakini nimepata pa kuota joto: kwa mafundi cherehani Wakongo, chini ya ghorofa anayokaa dada hapa Doornfontein. Jana waliweka filamu ya zamani ya Kifaransa, ya mapenzi na vichekesho. Binti anakwenda kwa mbunifu maarufu kushonewa gauni la harusi, halafu anampenda mbunifu mwenyewe. Papa Kabeya, mkuu wao, akitutafsiria. Mbunifu akafungua mikono, binti akamkimbilia, na Papa Kabeya akasimamisha picha!

“Muangalie ule mukono!”

Mkono wa gauni, Shangazi! Begani haukuwa na kunyanzi hata moja. Mafundi wakabishana umeshonwaje mpaka chai ikapoa. Nikawaambia ulivyonifundisha: piga bandi ya mishono mirefu, mistari miwili, vuta uzi kidogo kidogo, ulegevu ugawe kwa vidole. Wakajaribu kwenye gauni moja. Ukakaa kama umezaliwa begani.

“Nani alikufundisha?” akauliza Papa Kabeya. Nikakutaja jina. “Umuambie aksanti sana.”

Filamu haikuendelea tena. Hata sijui kama walioana.

Utotoni ulinifumulisha mkono mara tatu, nikakununia wiki nzima. Nisamehe wiki ile, na asante kwa kila uzi niliofumua. Mungu akulindie macho uendelee kutunga sindano bila miwani.

Gauni tulilojaribia nakuletea wewe. Ukiona mkono umepinda, nifumulishe. Safari hii sinuni.

Mwanao, Zuhura