Kengele Niliyomnyima Aukje

Mdogo wangu Froukje,

Mifereji imeanza kuganda, na daktari hanipi hata wiki mbili. Kijiji bado kinamtukana kijana Jorrit na baiskeli yake ya umeme, eti ndiye aliyemvunja Aukje nyonga kwenye njia ya juu ya tuta la kuzuia maji. Nimechoka na unafiki wangu. Ni mimi.

Aukje alikuwa akitembea katikati ya njia, kama kawaida yake, nami nyuma yake kwenye baiskeli yangu, ya umeme kama ya Jorrit. Kwa hasira nikasema, "Leo simpigii kengele." Nikaongeza umeme, nikamkumba kwa nyuma. Hakuniona. Sikusimama.

Jana Jorrit kaniletea supu ya njegere. "Kula, bibi. Wewe tu hunitukani."

Nimempa nakala ya barua hii, aibandike mlangoni mwa kanisa.

Ukija kunizika, anzia kwake. Hata wewe ulimwita mhuni.

Dada yako,
Sjoerdtje