Filimbi Katikati ya Maombi

Mjukuu wangu Wambui,

Huku Skuta tuko wazima, na ng'ombe wa babu yako amezaa. Unauliza kama unaweza kuacha kifaa chako cha kusikia nyumbani, kwa kuwa unaogopa kuchekwa darasani.

Miaka ya tisini, nikiwa bado shuleni, nyanya yangu, tuliyemwita Cucu, alipewa kifaa kama hicho. Jumapili nilimvalisha, naye akafunga kitambaa juu ya masikio kama kina mama wote kanisani. Katikati ya maombi kifaa kikapiga filimbi kali. Watu wakafumbua macho. Mkono wa Cucu ukaenda kukitoa, nami nikaogopa sana, maana nilijua hatakivaa tena. Nikakumbuka muuguzi aliyempa kifaa alisema kisifunikwe, kisije kikalia. Mbele ya wote, nikasogeza kitambaa nyuma ya sikio. Filimbi ikakoma.

Nyuma yetu mzee Kamau akanong'ona, "Ati leo huyu mama amekuja na refa?"

Cucu akageuka. "Kamau, nimekusikia."

Mkono wake ukarudi kwenye Biblia.

Kofia yako ya shule isifunike masikio, mama.

Nyanya yako,
Nyambura