Hakuna Aliyekuuliza Kuhusu Mzio

Yaya Kalonji, kaka yangu,

Tangu tukuzike, nyumba yako ya Makomeno imejaa macho. Watu wananusa kwanza chakula cha shemeji Ngalula ndipo wakile. Kaka yetu mkubwa kila akikaa anasema kikulacho ki nguoni mwako, halafu anamtazama mkeo. "Bwana iko na homa, bibi iko Sakania na bitenge yake. Ile ni bibi gani?"

Nisikufiche, hata mimi nilianza kumtazama kwa jicho la pembeni. Kidonda cha mguu hakiui mtu wa kimo chako asubuhi moja. Halafu nikamshuku muuguzi wa zahanati aliyekuchoma sindano. Kisha shemeji akaniambia jikoni kwamba penisilini iliwahi kukuvimbisha koo. "Kule clinique habakujua?" akaniuliza. Nikaishuku programu yetu, yaya, ile tuliyowaandikia ya faili za wagonjwa. Nilicheka peke yangu, kisha nikaacha kucheka.

Unakumbuka ile zahanati ya Naviundu ilipotaka tuongeze sehemu ya mzio kwenye faili za wagonjwa? Faili za zamani hazikuwa nayo, kwa hiyo programu ikizisoma inakwama. Wauguzi walitupigia simu mpaka chai yetu ikapoa. Ukasema, "Weka tu valeur par défaut, baache kulalamika." Uliponiona nasita, ukanitoa kwenye kiti ukaandika mwenyewe hilo jibu la kujijaza lenyewe pale ambapo sehemu haipo. Ulikuwa unapiga mluzi. Mluzi huo ninautamani hadi leo.

Jana nimefungua faili yako. Ni ya zamani, sehemu ya mzio haimo kabisa, maana hakuna aliyewahi kukuuliza. Lakini kwenye skrini ya muuguzi inasomeka: Allergie: aucune. Yaani huna mzio. Ndilo jibu uliloandika wewe siku ile. Muuguzi aliamini, kama ambavyo mimi ningeamini, akakuchoma sindano ya penisilini. Wewe homa ilikuwa imekufunga mdomo, na mkeo, aliyejua, alikuwa Sakania akiuza vitenge.

Nimekukasirikia, yaya. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba pasipo na jibu mtu aulize.

Neno lile, aucune, nimeliondoa. Sasa sehemu ikikosekana programu inaandika kwamba haijulikani, na muuguzi hawezi kuendelea bila kumuuliza mgonjwa au ndugu zake. Wameanza kulalamika tena. Waache.

Jumamosi ukoo unakutana ili kumtoa shemeji na watoto katika nyumba. Nitakwenda na kompyuta, niwaonyeshe faili na skrini. Watauliza ni nani aliyeandika neno hilo. Nami najua jinsi mama yetu anavyolitaja jina lako siku hizi, taratibu, kama jina la mtakatifu. Kusema ni mashine ingekuwa rahisi, na wote wangerudi kwao wakiwa wametulia.

Pumzika, yaya wangu. Nakuahidi sitasema ni mashine; nitalitaja jina lako.

Mdogo wako,
Kabedi