Wali wa Idi Umo Chunguni

Zabibu mwanangu,

Wali wa Idi umo chunguni. Usikoke moto kupasha mchuzi, askari wa Mjerumani wataona moshi.

Mlipokwenda mtoni kuoga, walikuja wakaona chungu kikubwa. Wakamuuliza baba yako, "Unawapikia waasi?" Akajibu, "Nawapikia majirani, leo sikukuu." Wakamfunga, wakampeleka kambini kwao Nyamisati. Mimi nilijificha ghalani, sikuthubutu hata kukohoa. Naona haya.

Nawaendea majirani tuliowaalika, wakamtolee ushahidi. Wakiogopa, nitakwenda peke yangu.

~~Nisubirini tule pamoja.~~ Kuleni sasa, kisha uwachukue wadogo zako mwende Mbuchi kwa shangazi. Fungu la baba yako nimelibeba. Hajatia kitu kinywani.

Mama yako