Vitabu Vyako na Kabati Lililoombewa

Skuta, Nyeri
Ijumaa jioni

Mwalimu wangu Nyaguthii,

Salamu nyingi katika jina la Bwana. Hujambo huko? Mgongo umekuachilia? Mimi naamini huko hakuna mgongo wala baridi hii ya Julai, lakini nimezoea kukuuliza, na nikianza bila kuuliza nitaona kama nimeingia kwako bila kubisha hodi. Sisi tuko wazima. Mzee wako yuko Gakindu na kahawa yake. Asubuhi bado anatoa vikombe viwili, halafu anarudisha kimoja. Aliniambia mwenyewe huku akicheka kidogo, kisha akaanza kuniuliza habari za mvua.

Nakuandikia nikiwa nimechoka, sitakuficha. Nimechoshwa na watu wazuri wanaokupenda. Hao ndio wanachosha zaidi, kwa sababu huwezi hata kuwakasirikia ukatosheka.

Ulimwachia Mzee neno kwamba vitabu vyako vya ualimu, vile vya namna ya kufundisha mtoto kusoma, vipewe walimu wa shule yetu. Akavileta baada ya mazishi, ndani ya magunia ya kahawa, kwa pikapu ya jirani. Sasa sikiliza yaliyofuata. Mwalimu mkuu alipoviona alilia. Akasema hivi si vitabu vya kurushwa tu pale ofisi ya walimu. Akaita fundi, kabati la vioo likatengenezwa, jina lako likaandikwa juu kwa rangi ya dhahabu. Vitabu vikapanguswa, vikavishwa nailoni, vikapangwa kwa urefu. Kwa urefu, Mwalimu. Kile cha herufi na sauti kimekaa karibu na kile cha kutuliza darasa lenye kelele, ati kwa sababu vinalingana. Mchungaji akaitwa, akaliombea kabati, tukaimba, tukala wali wa mchele wa Wang'uru na nyama ya mbuzi. Kisha kufuli likafungwa.

Mimi nilidhani ni kufuli la usiku tu. Kumbe ni la moja kwa moja.

Kabati liko ofisini kwa mwalimu mkuu, nyuma ya kiti chake. Wageni wakija wanaonyeshwa, wanapiga picha, wanasema mmemheshimu mama huyu. Na hakuna mwalimu aliyegusa kitabu hata kimoja tangu siku ile. Unakumbuka ulivyonunua kile cha mwisho pale mjini, nikakuuliza kama ni kizuri, ukaniambia, "Bado sijui, hakijamwagikiwa chai." Sasa wamekivisha nailoni juu ya madoa. Nadhani hawajayaona.

Na Ijumaa yako imekufa. Samahani, nimeandika neno hilo bila kufikiri. Nataka kusema hakuna tena kule kukaa sisi walimu wa madarasa ya chini baada ya watoto kwenda, chai kwenye chupa, nduma za kuchemsha kwenye sahani, wewe unatusomea ukurasa mmoja. Mmoja tu. Kizungu cha vitabu vile kilikuwa kigumu kwangu, unajua mimi niliingia ualimu kupitia chekechea ya kanisa na cheti nikakipata nikiwa na watoto wa kunyonyesha. Lakini wewe ulikuwa unasoma, unatafsiri, unaongeza Kikuyu pale tulipokwama. Jumatatu tunajaribu darasani. Ijumaa inayofuata kila mtu anakuletea habari, imefaulu ama imeharibika. Na iliyoharibika ndiyo ulikuwa unaifurahia. "Leta hapa tuione," unasema, kama mtu ameleta redio mbovu.

Sasa mimi niko na Gredi ya Pili inayonitoa machozi. Watoto wanaimba kitabu. Wanapita ukurasa wote bila kukosea, sauti moja, wazazi wanawarekodi kwa simu na kufurahi. Siku moja nikamsimamisha Mumbi, yule wa macho makubwa, anisomee habari za soko. Akasoma vizuri, mpaka nyanya na vitunguu. Nikasogea karibu. Kitabu chake kilikuwa kimefunguliwa pale pa hospitali. Mwalimu, nilikaa chini. Muhula ujao wanaenda kwa kitabu kingine ambacho hawajakikariri, na huko hakutakuwa na wimbo wa kuwaficha. Watajiita wajinga, na mimi najua si wajinga.

Nilikumbuka kuna ukurasa wa jambo hilo. Nilikumbuka hata doa lake, limekaa kama umbo la ini. Lakini maneno yake niliyakumbuka nusu. Nilijua unakata karatasi vipande vya maneno, unavichanganya, mtoto anavipanga. Nikakata kalenda za zamani, nikaandika ukurasa mzima wa soko, nikachanganya, nikawapa. Ilikuwa vita. Nyanya zilienda chini ya dawati, upepo ukapeleka vitunguu nje, Mumbi akalia. Kuna kitu nilikuwa nimeruka na sikujua ni kipi, na kitabu kilikuwa mahali ninapokiona kwa macho kila siku nikienda kusaini daftari la kufika kazini.

Nikamwendea mwalimu mkuu. Akaniambia kwa upole, "Mwalimu Wanjira, na kikichafuka? Nitamtazama Mzee na uso gani?" Nikamwambia vimechafuka zamani. Akaniangalia kama nimekusengenya. Akanituma kwa mwenyekiti wa kamati ya shule. Mwenyekiti naye, "Madam, kitu kikishawekewa mkono wa mchungaji si cha kushikwa-shikwa. Wewe mtu wa kanisa unataka nikufundishe hayo?" Nilirudi nyumbani nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Nikaenda kwa mchungaji. Nilimkuta akikatia ng'ombe nyasi. Akanisikiliza, panga mkononi, akasema, "Lakini mimi niliviombea tu. Sikuvifunga. Biblia yangu mimi haina jalada, nani ameona haya?" Nikafurahi, nikakimbia kwa mwenyekiti na habari hizo. Unajua alisema nini? Alisema sawa, lakini kilichofungwa kwa maombi kifunguliwe kwa maombi. Yaani tufanye ibada ya kufungua kufuli. Na mchungaji alikuwa anaenda semina Nanyuki, akitoka huko kuna harusi, baada ya harusi kuna mazishi. Tukangoja. Huku darasa langu linaimba habari za soko. Niliomba Mungu anipe uvumilivu, na nadhani alinipa wa kiasi, kwa sababu nilimaliza wote kabla mchungaji hajarudi.

Ijumaa iliyopita ndipo alipokuja, na tope la makaburini bado kwenye viatu. Tulisimama mbele ya kabati kama watu wanaongoja jeneza lifunguliwe, na mimi nikawa na hofu ambayo sikuitarajia. Aliomba maneno machache. "Bwana, vitabu hivi vichafuke kwa kazi. Amina." Mwenyekiti alibaki ameinamisha kichwa, akidhani ndiyo kwanza anaanza. Mwalimu mkuu alifungua, akatoa nailoni kwenye kile cha juu, akaona madoa. Akakipindua, akaona mengine. Akakaa kwenye kiti chake, akasema polepole, "Kumbe alikuwa anakula navyo."

Nilileta chai ofisini humohumo. Nikachukua kitabu nisome, na nilipofika pale pa doa la ini nikakisukuma mbele. Nimezoea kuusikia ukurasa ule kwa sauti yako, si yangu. Mwalimu Kinyua, huyu kijana aliyechukua darasa lako, alikipokea akatusomea. Na nilichokuwa nimeruka ni jambo moja. Sentensi haitoki kitabuni. Mtoto anasema yake mwenyewe kwanza, jambo la kwao, unaiandika mbele yake vile alivyoisema, ndipo unakata. Moja tu. Mimi nilikuwa nimewapa soko zima la mtu mwingine.

Kwa hivyo leo ni Ijumaa, na hii ndiyo habari ninayokuletea, kwa sababu sijui kukaa Ijumaa bila kukuletea.

Jumatatu nilimwita Mumbi mezani, nikamuuliza kwao kuna nini. Akasema, "Ng'ombe yetu imezaa." Nikaandika. Nikakata. Alipanga, akaharibu, akapanga tena, kidole kinagusa kila neno kama linaunguza. Hakuimba. Hakukuwa na wimbo wa hiyo ng'ombe. Nikafikiri imetosha, nikageukia wengine. Baada ya muda akanivuta sweta. Alikuwa na kile kipande cha "yetu" mkononi na kitabu cha darasa kimefunguliwa, safari hii mahali penyewe, pale pa soko. Akasema, "Mwalimu, hii hapa ingine. Hata huku wako nayo."

Nilienda nje nikajifanya ninaita watu wa mpira.

Si wote wamefika hapo. Wengine bado wanaimba, na Kamotho amekula kipande chake. Kinyua naye anataka kusoma kurasa tatu kwa siku moja, namzuia. Mwenyekiti ameomba angalau kabati libaki na jina, nikamwambia libaki, hata likiwekwa vikombe. Ufunguo ninao mimi, umening'inia kwenye msumari karibu na sufuria ya chai. Nakuahidi, Mwalimu, hautarudi kwenye droo ya mtu, na Ijumaa haitapita bila ukurasa nikiwa na nguvu ya kubeba chupa. Na nitampelekea Mzee nduma, nikae, anitolee hicho kikombe cha pili.

Pumzika na Bwana. Lakini kuna neno moja. Ukurasa wa wiki ijayo ulikuwa unauchagua wewe, na sisi tumekaa leo na kitabu mezani tunatazamana. Umekunja pembe za kurasa mbili, mmoja wa mbele na mmoja wa nyuma, na sijui ni upi ulikuwa wa kwanza.

Tafadhali nijibu upesi. Jumatatu si mbali.

Wako,
Wanjira