Noti Nane za Hamsini

Same,
Alhamisi, 15 Mei 2025

Dada yangu mpenzi Maua,

Asalaam alaykum, na shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima na goti lako limepungua kuuma. Shemeji hajambo? Na mpunga je, mmepata zamu ya maji ya mfereji, au bado mnagombana na wenye mashamba ya juu? Sisi huku Same tu wazima, isipokuwa upepo. Mwaka huu umezidi. Nafagia ukumbi asubuhi, saa nne naukuta vumbi tupu, nafagia tena. Salehe anasema nyumba imekuwa safi kupita kiasi na mke amekuwa mkali kupita kiasi.

Najua utashangaa kupata barua kutoka mkononi mwa mwanao Yunus wakati juzi tu tumeongea. Lakini wewe simu unaiweka sauti kubwa, watoto wanakusanyika, na jirani naye anajibu salamu. Haya nataka uyasome peke yako, ukiwa umekaa. Yunus hajui kilichomo ndani ya bahasha.

Kama unavyojua, safari yetu ya hija imeiva. Mimi na shemeji yako Salehe tunaruka kutoka Dar es Salaam Jumatano ijayo. Pasi, viza, chanjo, vyote tayari. Kilichokuwa kimebaki ni fedha za kigeni. Kiongozi wa msafara alituambia kila mtu awe na dola mia tano za mkononi, noti safi, zisizokunjwa wala kuandikwa, kwa sababu riale huku kwetu ni shida kuzipata, tutabadilisha tukifika. Alilisema jambo hilo kwa wepesi, utadhani anatutuma chumvi dukani.

Salehe za kwake alizinunua mapema, mwezi wa pili. Za kwangu akasema tusubiri, dola itashuka bei. Tukasubiri, nayo ikapanda. Nilipoenda benki ya kwanza hapa Same nikaambiwa wanawauzia wenye akaunti tu. Ya pili wakaangalia tiketi yangu, wakaniambia nirudi Alhamisi. Alhamisi nikarudi, nikaambiwa waliowahi wamezimaliza. Basi tukapanda gari kwenda Moshi, mimi na Salehe, na fedha zetu nimezifunga kiunoni chini ya kanga.

Pale Moshi duka la kwanza la kubadilishia fedha walikuwa nazo zote mia tano. Msichana akatutajia bei. Salehe akanivuta pembeni akasema hapo tunapigwa, tuvuke barabara tuulize kwingine. Tukavuka. Kwingine ilikuwa ghali zaidi. Tukarudi mbio, tukakuta zimenunuliwa na watu wanaopandisha wazungu mlimani. Shilingi kumi na tano kwa kila dola, dada! Kwa bei ya kilo mbili za sukari tukapoteza siku nzima na nauli ya watu wawili. Watu wakitusema Wapare kwa ubahili huwa nakasirika, lakini siku ile nilikuwa sina la kujitetea. Niliporudi wiki iliyofuata nilipata mia nne, kwa bei ya juu kuliko zote. Ikabaki mia moja.

Safari zote hizo gari lilipita Kileo. Nilikuwa nikiona njia ya kwenu ninainama, najifanya natafuta kitu mkobani. Yunus aliniona Himo akakwambia, nawe ukaniuliza kwenye simu mbona sishuki hata kunywa chai. Nikakujibu nilikuwa na haraka. Haikuwa haraka.

Kwenye darasa letu la mahujaji sheikh ametukumbusha mara nyingi kwamba kabla ya kuondoka mtu alipe madeni yake, na awaombe radhi aliowakosea, kila mmoja kwa kosa lake. Wanawake wenzangu wanapigiana simu, kama nimekukosea nisamehe, wanacheka, yamekwisha. Nawe Ijumaa iliyopita, kabla sijafungua mdomo, ukaniambia huna kinyongo nami na umenisamehe yote ninayoyajua na nisiyoyajua. Nilikata simu nikalia. Tangu siku hiyo sili vizuri, wali unaungua nikiwa nimesimama hapo hapo jikoni, na kila mtu nyumbani anadhani naogopa ndege.

Jumanne nilimwambia Salehe kwamba ninazo dola nyingine, nilizoziweka zamani. Alifurahi sana, akaniita mke mwenye akili. Tukaenda Moshi tena tuzibadilishe kwa noti mpya. Nikazitoa pale dirishani, noti nane za hamsini. Msichana aliziinua kwenye mwanga, akaita mwenzake, wakazitazama pamoja, kisha akanirudishia kwa heshima. Alisema, mama, hizi ni za miaka mingi sana, picha ya rais ni ile ndogo ya zamani, na zimeingia madoa; huku hazipokelewi. Salehe akaniuliza dola za umri huo nimezitoa wapi. Nilimwambia tulipokuwa kwenye gari.

Dada Maua, ni zile zako.

Ni zile ulizozinunua mwaka 1999, ulipouza cherehani yako ili uende Muscat ukashone kwenye duka la yule mama aliyekuitia kazi. Ulizitia kwenye bahasha ya kaki ukaziweka sandukuni. Siku mbili kabla ya safari ukafungua, hazimo. Wageni waliokuja kukuaga walikuwa wengi, kila mmoja akashukiwa, na hakuna aliyenitazama mimi. Nami nilitafuta pamoja nawe. Nililipindua godoro lako na kulikung'uta, huku bahasha nimeshaishonea ndani ya mto wangu wa sufi.

Mama alikuwa amepooza. Mimi nilikuwa nimeshaposwa na Salehe. Nilijua ukiondoka, mama ni wangu, na harusi yangu itangoja nisijue mpaka lini. Sikuzichukua kwa shida ya fedha. Nilizichukua ili usiende. Nikaolewa mwezi ule ule uliopangwa, nawe ukabaki kumgeuza mama kitandani miaka miwili, mpaka akafia mikononi mwako. Kazi akapewa mtu mwingine. Nilikusudia kuzirudisha baada ya harusi, kisha baada ya msiba, kisha nikaona aibu. Sikutumia hata noti moja, na nikajidanganya kwamba asiyekula si mwizi.

Kinachonichoma zaidi ni kwamba miaka ishirini na sita umesema Mungu hakukuandikia Muscat. Umemwambia mama hivyo, umemwambia shemeji, umewaambia watoto wako. Hakuwa Mungu, dada. Nilikuwa mimi, na nikamwacha Mungu asingiziwe.

Tuliposhuka Same, Salehe aliniambia tu kwamba yeye atakwenda, lakini mimi kwenda au kutokwenda hakuko mikononi mwake.

Ndani ya bahasha kuna noti zako nane, na pamoja nazo mia nne mpya nilizozinunua. Mpya ni zako, ubadilishe popote. Cherehani nitailipa. Miaka sina cha kuilipia.

Basi la kwenda Dar ni Jumatatu asubuhi. Ukinipa radhi nitapanda, hata bila dola moja mkononi. Usiponipa nitabaki, na sitakulaumu. Ila nakuomba jambo moja: usinisamehe haraka. Nakujua, utataka kuniambia ni ya zamani, yamepita. Usiniambie hivyo. Kasirika kwanza, dada. Nitukane, lia, vunja hata kikombe. Hujawahi kupata mtu wa kumkasirikia kwa jambo hili, na mtu huyo amekuwa akila sahani moja nawe kila Idi.

Msalimie shemeji na watoto wote. Kuwaeleza au kutowaeleza ni uamuzi wako. Mwenyezi Mungu akupe afya na akurahisishie.

Ni mimi mdogo wako niliyekudhulumu,
Mwanaasha