Ufunguo wa Boksi la Mlali

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Kifaa changu cha kijijini Mlali kimeganda tena! Kila siku ya tatu, utadhani kina kalenda. Kazi yake ndogo tu: kipime maji kisimani, yakipungua kizime pampu, yakirudi kiiwashe. Mzee Methusela, mlinzi wa kisima, kapiga simu. Ng'ombe wamejazana birikani, maji hakuna. Shikamoo mzee, nikamwambia, nipe siku mbili. Mimi Penina nishindwe na pampu? Thubutu!

Jumanne, 9 Septemba

Nimeipata. Ni funksheni, kile kipande cha programu alichoandika Raphael, mwenzangu wa ofisini! Kila dakika inaomba memori kwa malloc, inaandika kipimo humo, inanikabidhi. Free, amri ya kuirudisha, hakuna hata moja! Memori inajaa, kifaa kinaganda. Nimemsema ofisini mbele ya wote. Akajibu taratibu: nakukabidhi wewe, ukishasoma achilia wewe, kwenye programu yako. Eti! Aliyeomba si ndiye arudishe?

Nimeweka free mwenyewe, humo humo kwenye funksheni yake, mstari mmoja kabla ya return, yaani kabla haijanikabidhi kipimo. Nimejaribu kwenye laptop mara hamsini. Namba zile zile. Safi kabisa.

Jumatano, 10 Septemba

Nimetuma toleo jipya kwa mtandao. Maji mita kumi na mbili, sawasawa. Raphael kanuna — anune. Boksi la swichi ya pampu kule kisimani nililifunga kwa kufuli, ufunguo ninao mkobani. Sitaki mtu achokonoe.

Ijumaa, 12 Septemba, saa nne asubuhi

Siku ya tatu, hakijaganda! Nilisema mimi.

Saa tano kasoro

Mzee Methusela kapiga. Pampu inavuta hewa, inakohoa, haizimi. Nimefungua skrini: maji mita mia nne. Kisima chenyewe kina chake mita sitini! Kifaa kinaona maji tele, ndiyo maana hakizimi.

Nimeachilia memori, halafu ndipo nikaisoma. Kwenye laptop hakuna kilichopaandika upya, nikabahatika. Kule kifaa kimeweka vitu vyake pale pale. Free ilitakiwa iwe kwangu, baada ya kusoma. Raphael aliniambia.

Pampu ikiungua, Mlali hawana maji. Natuma amri ya kuzima — kimya. Na ufunguo uko hapa Dodoma!

Mzee, vunja kufuli! Anauliza, mwanangu, si ulinikataza hata kuligusa? Vunja! Kaenda kutafuta nyundo, simu kaiacha hewani. Naandika huku nasubiri.

Raphael kasimama mlangoni. Anauliza nani kaweka free pale. Nimesema mimi. Kavuta kiti, kakaa kando yangu, tunasikiliza wote.

Kishindo cha kwanza. Pampu bado inanguruma.